Mmemkagua Tumbo, Nani Amempima Moyo?

Binti akifika miaka 16 hajavunja ungo, mtaa mzima unageuka daktari. Shangazi anasema ni damu nzito. Jirani anasema amefungwa, na aliyemfunga anamjua. Kungwi aliyemcheza dada yake anashusha sauti na kumuuliza mama kama mwanawe ameota hata matiti. Bibi anataka mizizi ichemshwe, mjomba anataka apelekwe kwa shehe akasomewe, na mganga wa ng'ambo ya barabara anataka kuku mweusi na laki moja na nusu. Kila mmoja ana jibu lake, na majibu yote yanatazama mahali pamoja: chini ya kitovu.

Hilo silishangai. Watu wa mtaani hawakusomea udaktari. Kinachonipandisha hasira ni kwamba binti huyo akifikishwa hospitali, kwa waliosomea, wenye makoti meupe na mashine ya ultrasaundi, nao wanatazama palepale. Anapigwa picha ya tumbo. Kizazi ni kidogo, ovari hazionekani. Mama anaitwa pembeni, anaambiwa kwa sauti ya huruma: "Mama, huyu hatazaa." Faili linafungwa. Mama anatoka analia, binti anatoka hajui analiliwa nini, na siku nzima hiyo hakuna hata mtu mmoja aliyemfunga mkononi kipimo cha presha.

Nimewahi kukaa benchi moja na binti wa namna hii nje ya kliniki ya wanawake, katika hospitali nisiyoitaja kwa sababu ingeweza kuwa hospitali yoyote. Alikuwa na miaka 22 na kimo cha mtoto wa darasa la tano. Mhudumu alishamuuliza zaidi ya mara moja mama yake yuko wapi. Rekodi zake alizibeba kwenye daftari la shule, lile la mistari tunalonunua dukani. Akanifunulia. Kila hudhurio lilianza na kitu kilekile: kipimo cha mimba, hasi. Ukurasa unaofuata, hasi. Mwingine, hasi. Binti ambaye hajawahi kuona hedhi maishani mwake amepimwa mimba kila alipokanyaga zahanati, na mahali pa kuandika presha pamebaki peupe tangu ukurasa wa kwanza hadi ule aliofikia. Na alichokuwa akikilalamikia kila mara, ndugu zangu, ni kichwa. Kichwa kinamuuma, wanampima mimba.

Hali ninayoizungumzia inaitwa sindromu ya Turner. Mwanamke kwa kawaida ana kromosomu 46 katika kila seli, na kati ya hizo mbili ni X. Mwenye Turner ana X moja iliyo kamili. Ya pili haipo kabisa, au ipo kipande, au ipo kwenye baadhi tu ya seli zake. Mjerumani Otto Ullrich aliandika habari za msichana wa namna hiyo mwaka 1930. Mmarekani Henry Turner, wa Oklahoma, akawaandika wagonjwa saba mwaka 1938 na jina likabaki kwake. Mwaka 1959 watafiti wa Uingereza wakazihesabu kromosomu zenyewe na kukuta 45. Tangu hapo hakuna fumbo. Mimba nyingi mno za namna hii hutoka zenyewe mapema, na mtoto anayefika kuzaliwa amekwishapita tundu la sindano.

Huzaliwa msichana mmoja wa aina hii katika kila wasichana 2,000 hadi 2,500. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, na zaidi ya milioni 31 ni wanawake na wasichana. Gawanya mwenyewe: ni zaidi ya 12,000. Kenya, kwa sensa ya 2019, ina wanawake wapatao milioni 24. Gawanya tena, unakaribia 10,000. Hiyo ni hesabu ya kugawanya tu. Ondoa wale waliokufa kabla hawajatambuliwa, na ni wengi, bado unabaki na maelfu ya mabinti na wanawake. Wako wapi? Mwambie daktari yeyote wa wilaya akuonyeshe watano. Akuonyeshe wawili.

Kabla sijaendelea, wakwe naomba wanisikilize kidogo. Ndoa zimevunjika kwa ajili ya watoto hawa, mama akiambiwa amezaa kitu cha ukoo wa kwao. Turner kwa kawaida hairithiwi. Haitokani na umri wa mama, wala alichokula, wala vidonge vya majira alivyowahi kumeza. Ni ajali ya seli zinapogawanyika. Na kama lazima apatikane wa kusutwa, basi mjue kwamba kwa wengi wa mabinti hawa X iliyobaki ni ya mama. Iliyopotea ni ile iliyopaswa kutoka kwa baba. Simlaumu baba, hana kosa kama mama asivyo na kosa. Nalisema ili kikao cha ukoo kipunguze makelele.

Sasa tuje kifuani, mahali ambapo hakuna aliyejisumbua kutazama.

Damu yote inayotoka moyoni kwenda mwilini hupita mshipa mmoja mkubwa, aota. Mlangoni pake pana vali yenye vipande vitatu vinavyofunguka na kujifunga. Katika kila wenye Turner 100, kati ya 15 na 30 huzaliwa na vali yenye vipande viwili. Mbele kidogo, pale mishipa ya kwenda kichwani na mikononi ikishachepuka, kuna wengine, kama mmoja katika kila kumi, ambao aota yao imebanwa tangu tumboni: juu ya mbano presha inapanda, chini yake damu inafika kwa kubembelezwa. Na hata asiye na kasoro hizo mbili, ukuta wenyewe wa mshipa unaweza kuwa dhaifu. Unatanuka polepole, mwaka hadi mwaka, kama mpira wa kumwagilia bustani uliochakaa kwa jua, na presha ikiwa juu unatanuka kwa kasi. Siku ikifika, tabaka la ndani linachanika, damu inajipenyeza katikati ya ukuta, na mwenye mshipa amebakiwa na saa chache.

Denmark ni nchi inayoandikisha kila raia na kila ugonjwa wake. Huko walizihesabu aota zilizochanika: kwa mwaka, karibu 36 katika kila wanawake 100,000 wenye Turner, ilhali kwa watu wote kwa jumla ni 6. Na haisubiri uzee. Mara nyingi inawakuta wakiwa na miaka ya thelathini na kitu, umri wa mtu aliyeanza kujenga. Denmark hiyohiyo, yenye madaktari wa familia kila mtaa, nusu ya wanawake hawa walikuja kugundulika wakiwa na miaka 15 au zaidi, na wanakufa kwa kiwango cha karibu mara tatu ya wenzao. Uingereza nako hesabu ni karibu hiyohiyo. Kama huko ndiko hivyo, sisi tunaopima mimba ili kutibu kichwa tunawazika kiasi gani bila kujua tumezika nini?

Kuna jambo moja la vipimo ambalo nitaling'ang'ania, kwa sababu linaua hata yule aliyebahatika kufika kwenye mashine. Tuseme binti amepelekwa kupimwa eko, yaani ultrasaundi ya moyo. Mpimaji anaandika: aota, sentimita 3.3. Anatazama jedwali la watu wazima, anaona hakuna neno, anaandika "kawaida", anapiga muhuri. Lakini jedwali lile ni la watu warefu. Binti huyu ana kimo cha sentimita 140 na kilo 43. Ngozi yake yote ukiipima eneo lake haizidi mita za mraba 1.3. Upana wa aota ya mwenye Turner aliyekwisha kukua hugawanywa kwa eneo hilo. Gawanya 3.3 kwa 1.3: unapata 2.5 na kidogo. Mwongozo wa kimataifa uliochapishwa 2017, baada ya wataalamu kukutana Cincinnati mwaka uliotangulia, unahesabu 2.0 kuwa tayari aota imetanuka, na kwenye 2.5 ndipo mazungumzo ya upasuaji yanapoanza. Karatasi ya binti inasema "kawaida" na yeye amesimama kwenye ukingo. Kikokotoo cha simu kingemwokoa.

Na hata eko si hatua ya kwanza. Hatua ya kwanza haina umeme. Mlaze binti kitandani. Weka vidole vya mkono mmoja kwenye kifundo cha mkono wake, panapodunda, na vya mkono wa pili kwenye kinena, pale paja linapokutana na tumbo. Subiri. Kwa mtu wa kawaida vipigo viwili vinakuja pamoja. Kama cha kinena kinachelewa, au kinafika kwa unyonge, au hukipati kabisa, basi aota huenda imebanwa. Kisha mfunge kipimo cha presha mkononi, halafu mguuni. Mguu ukiwa chini sana ya mkono, mwandikie rufaa ya moyo siku hiyohiyo. Hii inafundishwa kila chuo cha uuguzi na kila chuo cha tabibu. Inachukua muda mfupi kuliko kuandika jina la mgonjwa kwenye rejista. Nani anaifanya? Tunaona haya kugusa kinena cha binti, ila hatuoni haya kumuuliza mbele ya foleni kama ana mchumba.

Homoni nazo tumeziharibu kwa kasumba ileile.

Ovari za wengi wenye Turner huacha kazi mapema, mara nyingi kabla hata ya kubaleghe, kwa hiyo mwili haupati estrojeni. Tumejiaminisha kwamba estrojeni ni ya matiti na mimba. Basi anayeambiwa hatazaa, estrojeni ya nini? Nimemsikia mtu mzima, msomi, akisema hivyo bila aibu. Estrojeni ndiyo inayojenga mifupa. Bila hiyo mwanamke wa miaka 35 anavunjika nyonga kama ajuza. Ndiyo inayosaidia mishipa ya damu ibaki laini, na mafuta ya damu yakae sawa. Wenye Turner tayari wako hatarini kwa presha, hadi nusu yao wakiwa watu wazima, na kisukari huwapata kuliko wengine. Unamnyima binti wa namna hiyo estrojeni kisha unasema hukumdhuru kwa sababu hakuwa wa kuzaa?

Inavyotakiwa inajulikana. Binti anaanzishwa akiwa na miaka 11 au 12, wenzake wanapoanza kuota matiti, kwa dozi ndogo sana, kiraka cha ngozi kikipatikana ni bora zaidi. Dozi inapandishwa taratibu kwa miaka miwili au mitatu. Kisha inaongezwa projesteroni ili kizazi kisije kikaota ugonjwa. Halafu anaendelea. Anaendelea mpaka umri ambao wanawake wengine wanakoma hedhi, karibu miaka 50. Huku kwetu? Mmoja haanzishwi kabisa. Mwingine anapewa vidonge mpaka atoke damu mara ya kwanza, familia inapiga vigelegele, "mwanetu kapona", na dawa zinaachwa siku hiyo. Wa tatu anapewa vidonge vya majira kwa dozi ya mwanamke mzima tangu siku ya kwanza, wakati dozi kubwa ya ghafla inaweza kuyafanya matiti na kizazi visikue ipasavyo, na vidonge hivyo vyenyewe vinaweza kupandisha presha ambayo, nakukumbusha, hakuna aliyeipima.

Sivitukani vidonge vya majira. Mwanamke mzima mwenye Turner asiyepata kingine, akiwa anapimwa presha, ni afadhali avimeze kuliko kukaa mikono mitupu. Lakini hebu msindikize akavichukue. Anafika dirishani, mfupi, uso wa kitoto, hana mume, hana mtoto. Anaulizwa anapanga uzazi gani. Waliokaa nyuma wanacheka. Anaambiwa aje na mwenzake. Mwezi unaofuata harudi, na mifupa yake haimsubiri mpaka apate ujasiri.

Homoni ya ukuaji, ile ya kuongeza urefu, nitaipita upesi. Inafanya kazi: sindano kila siku kwa miaka, na mwisho wake sentimita tano hadi nane hivi za ziada. Ni ghali, inataka friji, inataka uvumilivu wa familia nzima. Mzazi mwenye uwezo amnunulie mwanawe, simzuii. Lakini nikipewa shilingi ya serikali nichague pa kuiweka, naiweka kwenye eko na estrojeni, na aliyepungukiwa sentimita atanisamehe akiwa hai. Najua wapo watakaonipinga hapo, hasa wale waliochekwa kila siku ya shule yao. Waje tujadili.

Nao wenye kliniki za kupandikiza mimba wasidhani nimewasahau. Siku hizi familia zenye pesa, zikishindwa kwa mganga na kwa maombi, zinaenda kununua matumaini: yai la kuchangiwa, mbegu za mume, binti ashike mimba ukoo upate heshima. Mwanamke mwenye Turner anaweza kweli kubeba mimba ya yai la kuchangiwa. Wachache wao, kati ya wawili na saba katika kila 100, hushika hata yenyewe. Lakini mimba inauongezea moyo mzigo wa damu, na ukuta wa aota uliokwisha kulegea huweza kuchanika katika miezi ya mwisho au siku za baada ya kujifungua. Kwa hiyo kabla ya sindano ya kwanza aota yote inatakiwa ipigwe picha, ya eko na ya MRI au CT. Aota ikizidi 2.5 kwa kipimo kile nilichokitaja, mwanamke anatakiwa aambiwe waziwazi asibebe. Akiruhusiwa, apandikiziwe kiinitete kimoja tu, si viwili kwa tamaa ya mapacha, na afuatiliwe na daktari wa moyo mpaka baada ya arobaini. Wewe mwenye kliniki uliyepokea mamilioni ya shilingi, ulimwomba picha ya aota? Au uliangalia unene wa ukuta wa kizazi tu? Hapo ndipo ukaguzi wa tumbo unapogeuka kaburi, na msibani tutasema amekufa kwa uzazi, kazi ya Mungu.

Nasikia jibu likija kutoka upande wa meza za maofisa. "Tuna malaria. Tuna wajawazito wanaokufa kwa kukosa damu. Magonjwa adimu ni anasa ya Wazungu." Jibu hilo nimelichoka. Nani ameomba anasa? Naomba utepe wa kupimia nguo. Mtoto wa Kitanzania anapimwa uzito kila mwezi kliniki mpaka miaka mitano, kadi ina michoro na mistari, mama akikosa anagombezwa. Akivuka mitano, basi. Hapimwi tena mpaka aolewe au augue. Miaka ileile ambayo kimo cha mwenye Turner kinaachana na wenzake, hakuna anayeangalia. Mwalimu anaangalia, masikini, kila asubuhi kwenye mstari wa paredi: wafupi mbele. Binti yuleyule ameongoza mstari tangu darasa la kwanza hadi la saba, na hakuna aliyemwambia mwalimu kwamba hiyo ni habari ya kumpelekea nesi.

Tangu 2018 Tanzania inawachanja wasichana dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Kenya ilianza 2019. Fikirini hilo, waheshimiwa. Wauguzi wanakwenda shuleni na boksi la barafu, wanawapanga wasichana wa umri uleule hasa ninaoutaka mimi, wanaandika majina yao, wanawachoma sindano, na wanaondoka. Foleni imeshapangwa, usafiri umeshalipwa, posho imeshatoka. Kubandika utepe ukutani na kumsimamisha kila binti kabla ya sindano kunagharimu nini? Aliye mfupi kupita kiasi kwa umri wake anaandikiwa barua. Kwenye barua hiyo kuna mambo ya kutazama: nywele za kisogoni zinazoshuka chini sana, shingo pana yenye ngozi za pembeni, viwiko vilivyopinda nje, masikio yanayotoka usaha mara kwa mara, historia ya kuzaliwa na miguu iliyovimba. Ya mwisho hiyo muulizeni mama. Anaikumbuka, aliambiwa mtoto ana maji na yataisha. Msichana anaweza kuwa na moja tu ya hizo, au asiwe na yoyote zaidi ya ufupi. Ndiyo maana utepe unatangulia.

Kipimo cha kromosomu ndicho kigumu kweli, maabara zinazokifanya katika ukanda wetu ni za kuhesabu, na nyingine hutuma damu nje. Nalikubali hilo. Lakini presha haisubiri kromosomu. Eko haisubiri kromosomu. Dar es Salaam ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete tangu 2015, Kampala ipo taasisi ya moyo Mulago, Nairobi wapo mabingwa. Nairobi hiyohiyo kimekuwepo tangu 2008 kituo cha kuwafundisha madaktari wa watoto elimu ya homoni, kikipokea wanafunzi wa nchi kadhaa za Afrika. Wataalamu wamesomeshwa. Ninachotaka kuona ni kitanda chao cha kliniki kikiwa jirani na cha daktari wa moyo, siku moja ya mwezi, faili moja. Kwa sasa binti akitimiza miaka 18 kliniki ya watoto inamtoa, ya moyo haijamsikia, ya wanawake inamtaka akitaka mtoto tu. Masikio yake, tezi yake ya shingo, figo zake ambazo huenda zimeungana, sukari yake, vyote vinamfuata mtu mmoja mwenye daftari la shule.

Na bima. Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kenya iliachana na mfuko wa zamani na kuanza mpya Oktoba 2024. Nataka wanaoandika vitita vya mafao watuonyeshe mstari ambapo binti wa miaka 12 anaandikiwa estrojeni na analipiwa bila kuitwa mgumba, na mstari ambapo anapigwa eko kwa ratiba, akiwa mzima, kabla hajaanguka. Dawa hii si ya kutafuta mtoto. Mkiiweka kapu moja na matibabu ya ugumba mkaikatalia kwa kisingizio hicho, mmeiua mifupa na mishipa ya wanawake hawa kwa kalamu.

Wanawake wenyewe wapo, wengine wamesoma, wanafundisha, wanahesabu pesa benki, wanauguza wagonjwa wa watu. Akili zao hazina upungufu; wengi husumbuliwa na hesabu za maumbo na ramani, basi, kama nusu ya chumba chetu cha habari. Wanachokosa ni mtu wa kuwaambia ukweli mzima. Wengi wameambiwa nusu: huzai. Nusu nyingine, kwamba pimisha presha yako kila unapopata nafasi, kwamba mshipa wako upigwe picha hata kama huumwi, kwamba dawa hizi ni za mpaka 50, hawakuambiwa, kwa sababu aliyewaambia ya kwanza alidhani amemaliza.

Neno langu la mwisho ni kwa daktari wa zamu ya usiku. Ataletwa kwako mwanamke mfupi, umri wa miaka thelathini na kitu, amebebwa na dada zake. Maumivu yamemshika ghafla kifuani, makali, yanapasua kwenda mgongoni katikati ya mabega. Utashawishika kuandika vidonda vya tumbo, au misuli, au wasiwasi, na kumpa dawa ya asidi. Au utafikiri moyo umeziba na kukimbilia dawa za kuyeyusha damu, ambazo kwa aota iliyochanika ni kummaliza. Mfunge presha mkono wa kulia, kisha wa kushoto, uandike zote mbili. Waulize dada zake kama aliwahi kuvunja ungo mwenyewe bila dawa. Wanajua, nyumba nzima inajua. Wakitikisa kichwa, ishushe presha yake, mwamshe mtu wa CT huko aliko, na mpigie bingwa wa upasuaji wa moyo usiku huohuo. Kipimo cha mimba kinaweza kwenda sambamba na hayo yote, kama bado mnakihitaji.